Datsun 240Z la marehemu baba: kulifufua, kulilaza, kuliuza au kumwachia ndugu mmoja?

Siku tulipoliondoa turubai, lilikuwa limeganda kwenye rangi. Nilianzia upande wa boneti, nikalivuta taratibu kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda, na bado lilitoka na magamba ya rangi ya chungwa. Fundi niliyekuja naye hakusema neno. Alifungua boneti, akachukua bisibisi, akaigusisha chini ya kikalio cha betri bila hata kuikandamiza. Ikazama hadi kwenye mpini.

Hiyo ilikuwa Mombasa, ua wa nyuma wa nyumba yetu ya mtaa wa Tudor, miaka 4 baada ya kumzika baba. Arubaini ilipokwisha tulikuwa tumekaa kikao, mimi, mama, kaka na dada yetu aliyeolewa Muscat, tukakubaliana jambo moja tu: tutaamua baadaye. Tukadhani hatujaamua kitu. Kumbe hewa ya chumvi ilikuwa inaamua kwa niaba yetu, usiku na mchana, chini ya turubai lile.

Naandika kwa mtu aliye pale tulipokuwa: amerithi gari la spoti la zamani, moyo unasema libaki, mfuko unasema liende. Mfano wangu ni 240Z kwa kuwa ndilo ninalolijua, lakini mwenye Escort, Alfa Romeo au MG atakutana na maswali yaleyale.

Kwa nini gari hili halitoki moyoni

Datsun 240Z lilitoka Japani mwaka 1969. Lina injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sisi (cc) 2,393, na kabureta mbili. Marekani liliingia sokoni kwa dola 3,526, bei ambayo mtu wa mshahara wa kawaida aliweza kuiota. Kwetu Afrika Mashariki lilipata jina kwa matope. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za magari za East African Safari, na Shekhar Mehta akafuata wa pili kwa 240Z jingine. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta mwenyewe, akiwa na Lofty Drews: yeye na Harry Källström walimaliza wakiwa na pointi sawa za adhabu, ikabidi iangaliwe nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa mara ya kwanza.

Baba alikuwa kando ya barabara mwaka huo. Alinunua lake baadaye, likiwa limeshatumika, na kila Pasaka alitusimulia kisa hicho mpaka tukajua hata mahali atakapokohoa kabla ya kufika kwenye zile pointi sawa.

Vigezo vinne, kabla ya kutaja chaguo lolote

*Fedha.* Andika gharama yote, siyo ya fundi peke yake. Weka bima, mahali pa kulilaza, spea na nauli yake kutoka ng'ambo, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16. Gharama ndogo za kila mwezi ndizo zinazodanganya. Tuseme unalipa shilingi 5,000 kwa mwezi kwa nafasi yenye paa: kwa mwaka ni 60,000, na kwa miaka 10 ni 600,000, gari likiwa halijasogea hata hatua moja.

*Muda na mikono.* Nani atalishughulikia, siku gani, kwa ujuzi gani?

*Kumbukumbu.* Jiulize unakumbuka nini hasa. Nilipowauliza wenzangu nilipata majibu manne. Kaka alitaja siku baba alipomkalisha kwenye usukani na kumfundisha gia. Dada alitaja kile kishikio cha choki, cha kuwashia injini ikiwa baridi, kati ya viti, nyuma ya mkono wa gia, ambacho yeye ndiye aliruhusiwa kukivuta asubuhi. Mama alisema gari lenyewe hakuwahi kulipenda, lilimuumiza mgongo. Alichokikumbuka ni jioni za pale ufukweni Mama Ngina, mihogo ya kukaanga mapajani na baba akiwa kimya anatazama meli. Mimi ni daftari lililokuwa kwenye kijidroo cha dashibodi, ambamo baba aliandika kila alipobadilisha oili: tarehe, maili, na wakati mwingine neno moja, "mvua" au "Voi". Tazama: majibu mawili kati ya manne hayahitaji gari liwepo. Hilo lilitusaidia kuliko bei yoyote tuliyotajiwa.

*Warithi na karatasi.* Gari la marehemu ni mali ya mirathi, hata kama funguo ziko mfukoni mwako. Nchini Kenya unahitaji kwanza barua za usimamizi wa mirathi, na mahakama kwa kawaida huzithibitisha baada ya miezi 6 kupita. Ndipo umiliki unaweza kuhamishwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kuuza au kugawa kabla ya hapo ni kujiingiza katika mali ya marehemu, na sheria inalihesabu kuwa kosa la jinai. Sisi ni Waislamu, mafungu yetu yalipigwa kwa sharia baada ya madeni kulipwa: mama thumni, yaani asilimia 12.5, mimi na kaka asilimia 35 kila mmoja, dada asilimia 17.5. Mimi niliyekuwa nikisema "gari langu" nilikuwa na thuluthi na ushei.

Chaguo la kwanza: kulifufua na kuliendesha

*Fedha.* Hili ndilo ghali kuliko yote, na hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu huumia.

Injini siyo ya kukutisha. Ni ya ukoo mmoja na ile ya 1600 iliyokuwa kwenye Datsun 510, na mafundi wakongwe wa Mombasa na Nairobi wameifungua na kuifunga mara nyingi. Raba za milango, silinda za breki, taa, hata vipande vya sakafu bado vinatengenezwa na kuuzwa ng'ambo, maana 240Z lina wapenzi dunia nzima. Kwa hilo una bahati kuliko aliyerithi gari lililotengenezwa machache.

Bodi ndiyo inayokula pesa. Bati la 240Z ni jembamba, na kutu ina vituo vyake: kikalio cha betri, sakafu, vizingiti vya chini ya milango, matao ya magurudumu ya nyuma, na zile reli za chini zinazobeba gari zima. Shimo unaloliona lina wenzake nyuma yake. Tulipata bei ya kwanza kutoka kwa fundi aliyelizunguka gari mara moja akiwa amesimama, hatukurudi kwake. Wa pili alilala chini na nyundo ndogo, akagonga kila futi moja huku akisikiliza, na bei yake ilikuwa kubwa zaidi ya mara mbili. Huyo ndiye aliyekuwa anatuambia ukweli.

Ukichagua njia hii, anza na kuchomelea, kisha breki na mfumo wa mafuta, kisha injini, rangi mwisho kabisa. Rangi nzuri juu ya kutu ni pesa iliyotupwa. Usiruhusu lifunguliwe lote kwa pamoja kabla ya pesa ya hatua hiyo kuwa mkononi, kwa sababu magari mengi ya namna hii hufia kwenye gereji yakiwa vipandevipande, boliti ziko kwenye makopo ya rangi na hakuna anayekumbuka ipi ni ya wapi. Kwa kila makadirio, mimi naongeza theluthi moja. Na ukimaliza, likatie bima kwa thamani mliyokubaliana na kampuni kwa maandishi, la sivyo watalihesabu kama gari chakavu la miaka hamsini.

*Muda na mikono.* Fundi anataka mtu wa kumtembelea. Likishafufuka nalo linataka kutoka, angalau kila baada ya wiki mbili, mwendo wa kutosha injini ipate moto sawasawa. Mafuta ya breki yanavuta unyevu, kwa hiyo badilisha kila baada ya miaka 2 hata kama hukuliendesha sana. Tairi nazo huzeeka hata zikiwa hazijalika.

*Kumbukumbu.* Kwa anayekumbuka mlio, mtetemo, harufu ya petroli asubuhi, hakuna kinachofikia hili. Lakini kufufua pia kunafuta. Kwenye usukani wa baba palikuwa na sehemu moja iliyosuguliwa hadi ikang'aa, pale kidole gumba chake cha kulia kilipokaa. Fundi mzuri angeubadilisha bila kuuliza. Kabla kazi haijaanza, zungukeni gari pamoja na fundi, mwandike yale ambayo hayaguswi.

*Warithi.* Anayelipa matengenezo hapati fungu kubwa zaidi kwa kuwa amelipa tu. Andikeni kabla.

*Linamfaa* mwenye kipato cha ziada kisichotegemewa na ada za shule, anayependa gari lenyewe na siyo aliyelimiliki peke yake, na aliye karibu na gereji ya kuaminika.

Chaguo la pili: kulilaza vizuri

Kulilaza ni kazi. Tulichofanya sisi kwa miaka 4 hakikuwa hicho, tulilitelekeza.

*Fedha.* Ni kidogo kwa mwezi, nyingi kwa jumla, kama nilivyoonyesha juu. Mahali ndipo panapoamua. Karibu na bahari unahitaji chumba kilichofungwa, sakafu ya saruji kavu, na hewa inayopita. Ukiwa na ndugu Nairobi au Nakuru mwenye nafasi, nauli ya lori ya kulipeleka huko inaweza kukuokolea sakafu nzima ya gari.

*Muda na mikono.* Siku moja ya kuliandaa, kisha saa chache kila mwezi. Badilisha oili kabla ya kulilaza, kwa maana oili chafu ina asidi. Mwaga petroli yote, tanki na kabureta, maana ikikaa inageuka ulimbo. Toa betri. Liinue kwenye stendi ili tairi zisipate kigongo. Usivute breki ya mkono. 240Z lina ngoma nyuma, na viatu vya breki hugandia humo. Funika kwa kitambaa cha pamba kinachopumua, kamwe siyo turubai la plastiki, kwa sababu plastiki hufungia jasho la usiku ndani. Ziba bomba la moshi na tundu la hewa, panya wasifanye kiota. Na yule anayelala na wazo la "nitaliwasha dakika tano kila Jumapili" aliache: dakika tano zinaacha maji kwenye bomba na oili, bila moto wa kuyakausha.

*Kumbukumbu.* Kila kitu kinabaki kama kilivyokuwa, pamoja na ule mng'ao wa usukani. Lakini gari lililolala halitoi sauti. Watoto wetu walikuwa wanalijua kama kitu kirefu chini ya turubai ambacho hawaruhusiwi kukipanda.

*Warithi.* Njia hii inanunua muda, na muda mara nyingi ndio unaohitajika, kwa mfano kesi ya mirathi ikiwa bado mahakamani au mrithi mmoja akiwa bado mdogo.

*Linamfaa* aliye na sababu ya kungoja na tarehe ya mwisho ya kungoja. Bila hiyo tarehe, silipendekezi kwa mtu wa pwani.

Chaguo la tatu: kuliuza

*Fedha.* Januari 2020, kwenye mnada wa mtandaoni Marekani, 240Z la mwaka 1971 liliuzwa dola 310,000. Habari hiyo ilifika kwenye simu ya kila mrithi wa Datsun, nasi ikatufikia. Lile gari lilikuwa na maili chache na hali yake ya asili kabisa. Letu lilikuwa na shimo la bisibisi. Mnunuzi wa kweli anatoa kwanza gharama ya kufufua, ndipo anakutajia bei, na ana haki. Ukitaka kujua lako linasimama wapi, nenda kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance pale uwanja wa farasi wa Ngong, uzungumze na wenye magari kama lako. Wanajua nani ananunua, na wanajua pia nani anatafuta spea tu.

*Muda na mikono.* Usilipige rangi wala kulisugua kabla ya kuuza. Mnunuzi makini anataka kuona kutu ilipo. Piga picha za chini. Tafuta namba ya chasisi iliyogongwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria: ikianza na HS30, ni gari la usukani wa kulia lililotengenezwa kwa soko la nje. Kusanya kila risiti. Daftari la baba lilipandisha bei tuliyotajiwa, kwa sababu lilikuwa na historia ya injini ukurasa kwa ukurasa.

*Kumbukumbu.* Hapa niseme wazi: kuuza siyo kumsaliti marehemu. Lakini ni njia isiyo na kurudi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo likishapakiwa kwenye meli kwenda Uingereza au Australia, usitegemee kulinunua tena na kulirudisha. Kama bado linawaka, rekodi mlio wake kabla halijaondoka. Mpe mnunuzi nakala ya daftari, ubaki na lenyewe.

*Warithi.* Pesa hugawika kwa asilimia bila ugomvi, bati haligawiki. Kwa familia yenye mjane anayehitaji matibabu au watoto wanaosoma, hili lina uzito wake.

*Linamfaa* yule ambaye kumbukumbu yake haimo kwenye chuma, na yule ambaye kuliweka kungemfanya akope.

Chaguo la nne: kumwachia ndugu mmoja

*Fedha.* Mrithi mmoja anawalipa wenzake mafungu yao, au wenzake wanamsamehe. Lipatieni gari bei kutoka kwa mtu wa nje, kwa hali lililonalo leo, siyo kwa bei ya mnada wa Marekani. *Muda na mikono* vinamhamia yeye vyote, na maoni yenu kuhusu rangi yanakoma hapo. *Kumbukumbu* inabaki ndani ya ukoo, ila kwa masharti yake yeye. Kubalianeni mapema kama atawapa nafasi ya kwanza ya kununua siku akichoka nalo. *Warithi* wasiombwe kusamehe mbele ya watu. Dada yetu aliulizwa peke yake, kwa simu, akapewa wiki mbili za kufikiri, na asilimia 17.5 yake ingelipwa hata kama angekaa kimya.

*Linamfaa* familia ambayo mmoja analitaka kweli na wengine wanataka tu lisipotee.

Kwa hali yako

Kama mirathi haijathibitishwa, una chaguo moja tu la halali kwa sasa: kulilaza vizuri, na kuandika gharama zake ili zirudishwe kutoka kwenye mali.

Kama bodi ni nzima na tatizo ni injini, fikiria kulifufua kwa uzito, hata kwa kipato cha kati, hatua kwa hatua. Kama reli za chini zimeoza, usianze kabla fundi wa kuchomelea hajalala chini yake na kugonga.

Kama unaishi ng'ambo na gari liko pwani, jiulize nani atalifungulia mlango kila mwezi. Jina lisipokuja haraka, uza, au mwachie aliye karibu.

Kama kuna deni la marehemu, deni linatangulia gari.

Kama warithi mnavutana, usianze na bei. Anza na lile swali la kila mmoja anakumbuka nini. Sisi ndivyo tulivyojua kwamba ni kaka aliyelitaka lenyewe, na sasa liko kwake Nairobi, kwenye hatua ya kuchomelea, usukani ukiwa umefungwa kwa shuka ndani ya kabati. Daftari liko kwangu. Mama alichotaka kilikuwa ni kupelekwa Mama Ngina Alhamisi jioni, na Toyota Probox la kawaida linafika huko.

Na kama bado huwezi kuamua, basi chagua tarehe, uiandike ukutani. Kisha leo, kabla ya magharibi, nenda ukavue lile turubai la plastiki, utoe betri, ulegeze breki ya mkono, na umwage petroli ya zamani.